Serikali Iko Ndani

Mtu ninayetaka kumwandika hapa nilimwonea wivu miaka mingi, na bado sijamaliza. Kwa hiyo msomaji apunguze kidogo katika mabaya nitakayomsema na aongeze kidogo katika mazuri, tutakutana katikati. Alikuwa jirani yetu hapa Bunia, ukuta kwa ukuta na duka letu la mabati na misumari. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata watu wazima ambao hakuwafundisha kitu. Kazi yake ilikuwa hesabu za biashara katika shule moja ya sekondari, na mke wangu alikaa katika darasa lake, benchi la mbele, kabla mimi sijamjua. Shida yangu yote ilianzia kwenye benchi hilo.

Hakuwa mzuri wa sura, niliseme hilo mapema. Alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa na sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Lakini alijipenda. Kila mtu anajua vumbi la Bunia lilivyo jekundu wakati wa kiangazi, linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa, ila viatu vya Mwalimu viling'aa. Alibeba kitambaa mfukoni. Akifika mlangoni petu aliinama, akafuta kiatu cha kulia, akafuta cha kushoto, akakung'uta kitambaa, na vumbi lote likaingia dukani kwangu. Mke wangu alilifagia bila kusema kitu. Mimi nikirudi safari na matope kwenye buti, nilisikia maneno mpaka jioni.

Ukimtajia Mwalimu bei yoyote, hakusema ni ghali wala rahisi. Aliuliza, "Serikali iko ndani ao iko inje?" Alitaka kujua kama ile kodi ya mauzo, TVA, asilimia kumi na sita, imekwisha kuhesabiwa ndani ya bei au itaongezwa baadaye. Aliuliza hivyo kwa mabati, kwa dawa, kwa kitanda. Alimuuliza hata mama aliyetandika nyanya juu ya gunia kandokando ya njia, ambaye hakuna kodi ya namna hiyo iliyowahi kumfikia. "Mwalimu, hapa niko peke yangu," mama yule alimjibu. "Serikali akikuya nitamupa nafasi akae." Watu wakacheka, naye akacheka nao, na kesho yake akauliza tena. Hata leo ukitaja bei mtaani kwetu, mtu atakuuliza hivyo kwa mzaha, na vijana wengine hawajui neno lilitoka kwa nani. Mimi najua, na kila nikilisikia nakunja uso.

Sasa niseme siku wivu ulipoanza. Kazi za duka tuligawana. Mimi nilikuwa mtu wa njia, nikipanda Aru na gari letu kuleta mali kutoka mpakani. Mke wangu alikuwa mtu wa meza: anauza, anaandika fakture, yaani ankara za wateja, anapeleka kodi kila mwezi. Siku hiyo walikuja wajumbe wa kamati ya kujenga kanisa, wanaume wazima wenye heshima zao, kununua mabati. Walivutana na mke wangu kwa adabu mpaka akawatajia dola mia tano na themanini, kila kitu ndani, wakakubali. Halafu mmoja akasema kwamba wanaowasaidia pesa wanataka kodi ionekane peke yake kwenye fakture. Katika hiyo mia tano na themanini, kodi ilikuwa ngapi?

Nilikuwapo, nimekaa juu ya mfuko wa misumari. Nikajibu haraka, kwa sababu swali lilionekana rahisi na wanaume walikuwa wananitazama. Asilimia kumi na sita ya mia tano na themanini ni tisini na mbili na senti themanini. Nilisema kwa sauti ya mwenye duka. Mke wangu aliinua macho akanitazama, kisha akaitazama kalamu yake.

"Tuulize kwanza Mwalimu," akasema. "Yeye njo anajua hizi mambo."

Tukagonga ukuta. Mwalimu akaja, akafuta viatu, akasalimia kila mtu kwa zamu yake, akasikiliza.

"Nani alisema tisini na mbili?"

"Mimi," nikasema.

"Ah, Papa Neema." Neema ni binti yetu wa kwanza. "Weye unapenda sana Serikali. Unamupa na zenye haziko zake."

Akaomba sahani na kopo la maharagi kutoka jikoni kwetu. Hapa kwetu muuzaji wa maharagi akishajaza kopo, anaongeza konzi moja juu. Nyongeza hiyo tunaiita matabishi, na muuzaji asiyeitoa hana mteja. Mwalimu alijaza kopo sawasawa, akaweka matabishi juu, kisha akamwaga yote kwenye sahani.

"Kopo ilikuwa bei yenu, mia," akasema. "Matabishi ilikuwa ya Serikali, kumi na sita. Sasa yote iko pamoja mu sahani. Mutu akikuambia utoe matabishi, utaipima na nini? Ukipima na sahani yote, utatoa na ya kopo. Hii sahani iko na mia na kumi na sita ndani. Gawanya mia tano na makumi munane kwa mia na kumi na sita, inatoka tano. Tano mara mia, mia tano, yenu. Tano mara kumi na sita, makumi munane, ya Serikali. Mambo imeisha."

Nilikuwa nimekosea, sikatai. Kumi na sita ilipandishwa juu ya bei yetu, haikupandishwa juu ya jumla, kwa hiyo huwezi kuishusha kwa kuipima na jumla. Hayo niliyaelewa kabla hajamaliza kumwaga maharagi. Kilichonichoma ni uso wa mke wangu. Alikuwa anamtazama Mwalimu kwa utulivu na furaha ya mtu aliyeletewa habari njema. Mimi nimemsimulia madaraja yaliyovunjika, malori yaliyolala ubavu, usiku wa mvua katikati ya njia, na alinisikiliza huku anapanga misumari. Mzee mwenye masikio makubwa anatoa themanini kwenye sahani ya maharagi, na anatazamwa hivyo.

Tangu siku hiyo Mwalimu alianza kuniita mukwe. Alisema kwamba mwanafunzi ni mtoto, kwa hiyo aliyeoa mwanafunzi ni mukwe wake. Kwetu mambo ya mukwe si ya kuchezea. Mukwe anasimama baba mkwe akiingia, anampa kiti kizuri, hamjibu vibaya. Mimi nilikuwa nimeshalipa ng'ombe kwa baba mkwe wa kweli kule Boga, na yule mzee, Mungu amweke, hakuwahi kunisumbua. Huyu sikumlipa hata mbuzi, naye alikula kichwa cha samaki mezani kwangu kila samaki wazuri wa Kasenyi walipopanda mjini. "Mukwe, leta chumvi," alisema, nami nikaleta. Chai ya kwake aliinywa bila sukari, alisema sukari inaharibu kichwa cha hesabu. Chai ya kwetu aliitia sukari mpaka kijiko kikasimama.

Kwa hesabu hakuwa na msamaha. Mtu akisema "karibu mia," alimkatiza, "Hesabu haina karibu." Lakini umri wake mwenyewe ulikuwa karibu sabini kwa muda wote niliomjua, haukupanda wala kushuka. Kuku aliyempasua yeye hakuwahi kutoka vipande sawa. Na saa yake ilikimbia, akaamini kwamba ni mji mzima uliochelewa. Mambo haya nilimtajia mke wangu moja moja, mezani, kitandani, kila nilipopata nafasi. Alicheka kila mara, kisha akasema, "Njo vile tu iko," kwa sauti ya mtu anayesifu.

Kuna jambo moja ningependa kuliruka, lakini picha isingekuwa yake. Wakati fulani njia ilifungwa nikakwama Aru, na milio ya bunduki ikasikika upande wa Bunia siku kadhaa. Simu hazikupita. Mwalimu alihamia chumba chetu cha nyuma pamoja na mke wangu na watoto, akawafungulia shule sakafuni. Kila mlio uliposikika aliwapa hesabu nyingine, na aliyenyamaza aliulizwa jibu. Niliporudi, nikiwa sijalala vizuri tangu niondoke, watoto hawakuniambia kwamba waliogopa. Waliniambia majibu. Nilimshika Mwalimu mikono yote miwili nikamshukuru, na nilimaanisha. Ila usiku sikuacha kufikiri kwamba palikuwa mahali pangu, na kwamba alipajaza vizuri kuliko ambavyo ningepajaza mimi.

Alipostaafu aliendelea kwenda shuleni. Asubuhi alivaa koti, akafuta viatu, akaenda kukaa katika chumba cha walimu, tayari kama mwalimu fulani hatakuja. Wiki zikapita hivyo. Mwishowe mkuu wa shule alimsindikiza mpaka njiani, akamwambia kwa heshima kubwa kwamba sasa apumzike. Alirudi akakaa mbele ya mlango wake na koti lake, na hakuna mtu aliyempita aliyekuwa na swali. Niliona yote hayo. Nilifikiri, sawa, sasa atapoa.

Hakupoa, kwa sababu mke wangu hakumwacha apoe. Wiki hiyohiyo aligonga ukuta. "Mwalimu, tusaidie kidogo. Mia mbili na makumi tatu na mbili, yote ndani. TVA iko ngapi?" Mzee alikuja mbio, viatu havijafutwa vizuri. Thelathini na mbili, akasema, na akaeleza tena toka mwanzo, kopo, matabishi, sahani. Wiki iliyofuata ikawa elfu moja mia moja na sitini. Kisha nyingine, kisha nyingine. Hesabu ilikuwa ileile kila mara, gawanya kwa mia na kumi na sita, zidisha kwa kumi na sita, na kila mara mke wangu alisikiliza kama mgeni wa jambo hilo.

Hapo ndipo wivu wangu ulipochacha. Mtu aliyeelewa jambo haliulizi tena na tena, na mke wangu si mtu mzito wa kuelewa. Nikajiambia kwamba hana haja ya kodi, ana haja ya ile sauti. Sikumfikiria maovu, niseme wazi. Nilifikiria kitu ambacho kwangu kilikuwa kibaya zaidi: kwamba kuna sehemu ya kichwa chake ambayo ni ya Mwalimu, na mimi sijawahi kualikwa humo. Nilitaka kitu kimoja tu, aniulize mimi. Mara moja tu, mbele ya watu au bila watu, aseme, "Papa Neema, TVA iko ngapi?"

Nikajifunza. Njia ya Aru ni ndefu, na kila bei niliyoisikia niliigawanya kwa mia na kumi na sita huku nikishika usukani. Nyingi hazikukubali, zilitoka na mikia ya desimali isiyoisha, lakini mbinu nikaimeza. Siku moja nikamsikia mke wangu akimuuliza Mwalimu juu ya mia tatu na arobaini na nane. Kabla mzee hajafungua mdomo nikajibu kutoka nyuma ya mabati, "Arobaini na nane."

Mke wangu aligeuka akatabasamu. "Ehe, Papa Neema. Vizuri." Kisha akamgeukia tena Mwalimu. "Ni vile, Mwalimu?"

"Ni vile," Mwalimu akasema. "Lakini mukwe amerukaruka. Nitakuonyesha muzuri." Akaomba maharagi. Nikatoka nje kukagua tairi ambazo hazikuwa na kasoro.

Binti yake Mwalimu aliolewa Aru, na magoti ya mzee yalipoanza kugoma alikuja kumchukua. Mimi niliwabeba katika gari langu na vitu vyao, na niliwabeba kwa moyo mwepesi. Mke wangu alimfungia Mwalimu samaki wakavu na akasimama njiani mpaka tulipokata kona. Niliporudi nilingojea swali langu. Fakture ziliandikwa, wateja walikuja na kwenda, na mke wangu hakumuuliza mtu yeyote kitu chochote. Aliandika tu. Sikulifikiria jambo hilo inavyopaswa, nilikuwa nangojea.

Miezi ikapita, nikawa na safari nyingine ya Aru. Mgongo wangu ulikuwa umeanza kulalamika, na daktari alikuwa ameniambia hii iwe ya mwisho. Asubuhi ya kuondoka mke wangu alikuja kwenye dirisha la gari.

"Umuone Mwalimu," akasema. "Umuulize, mia munane na kumi na mbili, yote ndani, TVA iko ngapi? Hapana kusahau."

Nusura nikatae. Ningeweza kumjibu palepale, nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini gari lilikuwa linanguruma, na yeye alikuwa ameshageuka.

Nilimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba ya binti yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, koti limemlegea mabegani. Viatu vilikuwa safi ingawa hakuwa anatoka. Alifurahi kuniona kuliko nilivyotegemea. Akauliza habari za kila mtoto, za duka, za bei ya mabati, na kama Serikali iko ndani. Nilikaa, nikanywa chai yenye sukari kidogo, kisha nikatoa ujumbe kama mtu anayetema mwiba. Mia nane na kumi na mbili.

"Mia na kumi na mbili," alisema bila kuvuta pumzi. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Saba. Safari hii amechukua saba."

"Saba gani?"

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi, nadhani. "Mukwe, weye unauza mabati. Bei ya kweli inagawanyika kwa mia na kumi na sita mara ngapi? Mia ikigawanyika inatoka na mukia. Mia mbili, mukia. Lakini za bibi yako zote zinatoka safi. Mbili. Kumi. Tatu. Sasa saba. Hizo haziko bei za mukiriya mwenye kuya kununua. Mutu anakaa kwanza, anachukua saba, anazidisha na mia na kumi na sita, anapata mia munane na kumi na mbili, njo anakuya kuniuliza."

Niliweka kikombe cha chai chini.

"Alikuwa wa kwanza mu darasa langu," akasema. "Ile siku ya kanisa alijua jibu hata mbele nifike. Ile bei alitaja yeye, si vile? Hakutaka kukusahihisha mbele ya watu. Na nilipofukuzwa kule shule, alijua tena ya kufanya. Kila wiki ananitengenezea moja, anaileta kama amekwama."

"Na weye ulijua?"

"Toka ya pili. Mimi ni mwalimu wa hesabu." Akafuta macho kwa kile kitambaa cha viatu. "Hapana kumwambia, mukwe. Akijua kama najua, ataacha."

Mtu mwingine angeona haya, au angepata amani. Mimi nilirudi njia nzima na wivu mkubwa kuliko niliokuja nao. Kwanza nilidhani mke wangu anampenda Mwalimu kwa akili yake, na akili naweza kuifukuzia. Sasa nilijua kwamba alikaa peke yake mezani, akichonga hesabu moja baada ya nyingine ili mzee asiye na kazi ajione ana kazi. Mimi, mume wake, hakuwahi kunichongea hata moja. Nilipofika nilimwambia jibu, mia na kumi na mbili. Akashukuru, akauliza kama mzee anakula vizuri. Nikasema anakula. Sikusema zaidi.

Gari tulilikodisha kwa dereva mwingine. Nikaanza kukaa dukani kutwa nzima, juu ya mfuko wa misumari, mgongo umeegemea ukuta. Wateja waliingia, wakanisalimia kwa heshima, habari Papa Neema, mgongo unaendeleaje, kisha wakapita kwenda mezani kwa mke wangu. Sikujua nani ananunua kwa jumla na nani anapunguziwa. Nilihamisha misumari kutoka ndoo hii kwenda ndoo ile. Hivyo siku zikawa zinakwenda.

Asubuhi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, na hakuna mtu aliyeingia dukani. Mke wangu alikuwa mezani, ameinamisha kichwa, anaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, anakifuta, anaandika tena. Kisha akainua uso.

"Papa Neema, nisaidie kidogo," akasema. "Kuko mukiriya anasema mia sita na makumi tisa na sita, yote ndani. TVA iko ngapi?"

Nilikuwa nimelingojea swali hilo miaka. Niligawanya kichwani kwa mia na kumi na sita, na nikaomba, naapa niliomba, litoke na mkia mrefu usioisha. Lilitoka sita, safi.

Nikainuka polepole, nikavuta kiti karibu na meza yake, nikaanza kumweleza toka mwanzo.